Kipimajoto cha sikioni kwa mtoto mwenye homa za kujirudia: uzoefu wangu

Kipimajoto cha sikioni kinachohifadhi vipimo tulikinunua binti yetu alipoanza kupata homa zilizokuja, zikakaa siku chache, zikaondoka na kurudi baada ya wiki kadhaa, ilhali vipimo vya malaria na vya mkojo havikuonyesha tatizo. Ninakipendekeza kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, kwa sharti kwamba kitumike pamoja na daftari.

Sifa yake kubwa ni wepesi. Mtoto mwenye nyuzi 39.5 usiku, ambaye koo linamuuma na vidonda vidogo vimemtoka mdomoni, hatulii na kipimajoto cha kwapani, lakini hiki hutoa jibu kwa sekunde chache hata akiwa usingizini. Hata hivyo kinahitaji mkono makini: sikio la mtoto aliyezidi mwaka mmoja huvutwa taratibu juu na nyuma ili njia yake inyooke na ncha ielekee kwenye ngoma, la sivyo namba hutoka chini ya joto halisi. Nta nyingi nayo huishusha, na sikio alilolilalia mtoto huipandisha. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 kisitegemewe.

Kasoro iliyonisumbua ni kwamba chetu huhifadhi namba bila tarehe, na kwa ugonjwa huu tarehe ndiyo habari yenyewe. Kwa hiyo daftarini tuliandika siku na saa homa ilipoanza, joto la juu kabisa, hali ya koo, tezi za shingo, vidonda, tumbo, viungo na ngozi, dawa alizopewa, na siku aliyorudi kucheza.

Daktari bingwa wa watoto alizisoma kurasa hizo kwa muda mrefu. Homa zilianza kabla ya umri wa miaka 5, zilidumu kati ya siku 3 na 6, zilirudi kila baada ya wiki 3 hadi 6, na katikati mtoto alikuwa mzima na akikua vizuri. Ndipo akautaja ugonjwa wa PFAPA, yaani homa za kujirudia zinazoambatana na vidonda vya mdomoni, maumivu ya koo na kuvimba kwa tezi za shingo, ulioelezwa na madaktari mwaka 1987. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouthibitisha, kwa hiyo kumbukumbu za nyumbani zina uzito wa kweli. Ili kuutofautisha na magonjwa mengine ya homa za kujirudia, alitueleza kwamba homa ya kurithi ya Mediterania, inayotibiwa kwa dawa ya kolkisini, kwa kawaida hudumu siku 1 hadi 3 na huja na maumivu makali ya tumbo au kifua. Aliagiza pia chembe nyeupe za damu zihesabiwe mara kwa mara, kwa sababu upo ugonjwa mwingine ambao chembe hizo hupungua kila baada ya siku 21 hivi na kuleta homa.

Dozi moja ya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, aliyoiandika ilishusha homa ndani ya saa chache, jambo ambalo antibayotiki hazikuwahi kulifanya, na daftari likaonyesha pia kwamba homa iliyofuata ilikuja mapema kuliko kawaida, kama daktari alivyotutahadharisha.

Anayenunua achague chenye kuandika tarehe na saa, na ahakikishe vifuniko vya ncha vinapatikana kwa urahisi. Penye malaria, kila homa ipimwe upya, hata ikija siku ile ile iliyotarajiwa.