Tahadhari: Silikwa za Kaisari Julian zinazouzwa kwa jina la Konstantinopoli

Ndugu wakusanyaji wa sarafu za kale, nawatahadharisha kuhusu muuzaji mmoja wa mtandaoni anayetangaza silikwa za Kaisari Julian, yaani zile sarafu nyembamba za fedha za karne ya 4, akidai kwamba zilitengenezwa Konstantinopoli, na kwa dai hilo anapandisha bei karibu maradufu.

Zitazameni picha zake kwa makini. Upande wa nyuma una shada la majani lenye maneno VOT X MVLT XX, juu ya shada kuna tai ndani ya duara dogo, na chini pameandikwa TCONST. Muuzaji anaona CONST na kuishia hapo. Mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo, ulipewa jina la Constantina kwa heshima ya ukoo wa Kaisari Constantine, na kuanzia mwaka 353 kiwanda chake cha sarafu kilirudia kutia alama ya CON au CONST. Herufi inayotangulia hutaja karakana kwa Kilatini: P ni ya kwanza, S ya pili, T ya tatu. Konstantinopoli ilihesabu karakana zake kwa herufi za Kigiriki, nazo huja mwishoni, kama C·A kwenye sarafu ya fedha ya Kaisari Valens au CONSA kwenye sarafu za shaba. Tai huyo naye ni wa Arles. Nilimwandikia haya yote, akajibu kwamba cheti chake kinatosha (cheti chenyewe amekiandika yeye), kisha akalifuta swali langu.

Kusoma alama vibaya kungesameheka, maana hata wauzaji waaminifu huteleza hapo. Lakini silikwa mbili alizozitangaza kwa nyakati tofauti zina ufa ule ule ukingoni, juu ya kichwa cha Kaisari, na kishimo kile kile shavuni. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo hairithi ufa wa mwenzake, kwa hiyo angalau moja kati ya hizo imemiminwa kwenye kalibu. Nilipoomba picha ya ukingo, ambako mshono wa kalibu huonekana, pamoja na uzito, ambao kwa silikwa nzima ya wakati huo ni kama gramu 2, hakutoa hata kimoja.

Aliyekwisha kumlipa adai fedha zake kupitia kampuni ya malipo kabla muda wa malalamiko haujapita, na ahifadhi picha za matangazo yote mawili, kwani la kwanza limekwisha kuondolewa.