Eadropu Hii Msiiguse: Tazameni Kitufe cha Kudai Zawadi

Habari zenu wadau, karibuni tena. Niko Majengo, Dodoma, na upepo wetu mnaujua. Mkisikia bati linagonga vumilieni, maikrofoni mpya haijafika.

Leo ni ile eadropu, yaani ugawaji wa bure wa sarafu za kidijitali, mliyonitumia wiki nzima, ya kwenye Telegram. Jina silitaji, sitaki kuipelekea watu. Kugonga skrini, kualika marafiki, kujiunga na chaneli, hayo mnayajua, nayaruka. Nilipoifungua mara ya kwanza niliipenda, nasema ukweli. Nyepesi, haili bando, hata simu ya laki na nusu inaiendesha bila kukwama.

Ikaja siku ya kudai zawadi. Sogeeni mwone.

Hii ni simu yangu ya pili, waleti yake, yaani pochi ya sarafu za kidijitali, haina kitu zaidi ya BNB kidogo, sarafu ya kulipia nauli ya miamala. Nabonyeza "dai". Waleti imefunguka yenyewe, mnaona? Wengi hapa wanathibitisha haraka haraka, maana wanasubiri tokeni, yaani hizo sarafu za zawadi, ziingie. Subiri. Soma mstari huu. Haijaandika kwamba unapokea kitu. Imeandika kwamba unatoa ruhusa ya kutumia USDT yako, ile sarafu inayofuata thamani ya dola. Shuka chini, kwenye kiasi: bila kikomo. Hawajakuomba yale maneno 12 ya siri ya kufungulia waleti, ndiyo maana mtu anajiona yuko salama. Hawayahitaji! Ukishathibitisha, mkataba wao, yaani programu yao inayojiendesha yenyewe, unaweza kuchota USDT yako wakati wowote, wewe umelala.

Mdogo wangu ni bodaboda hapa hapa mjini, na alithibitisha. Alikuwa na USDT ya kama elfu hamsini, ikaondoka. Akadhani mtandao unasumbua, akanunua nyingine ya elfu thelathini. Nayo ikaondoka siku ileile. Elfu themanini hiyo, ya kukaa juani. Alipoifuta ile programu akaona yamekwisha, kumbe kufuta programu hakuondoi ruhusa. Ruhusa imebaki kwenye mnyororo, yaani blockchain, kumbukumbu ya miamala yote.

Hiki ndicho kinachoniuma, kwa sababu eadropu hazikuanza hivi. Septemba 2020 Uniswap, soko la kubadilishana sarafu za kidijitali, iligawa tokeni zake 400 za UNI kwa kila waleti iliyokuwa imewahi kuitumia, na siku zile ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Hakuna aliyeombwa kugonga skrini miezi. Halafu 2024 ikaja Notcoin, mchezo wa kugonga skrini kwenye Telegram; mwezi wa tano tokeni yake ikatoka, kuna waliopata kitu. Ikafuata Hamster Kombat, mchezo mwingine wa aina hiyo, mnakumbuka kila kijiwe watu wanagonga? Tokeni ilitoka Septemba 26 kwa bei ya karibu senti moja ya dola, na kufika Novemba ilishapoteza zaidi ya nusu. Wengi walipiga hesabu ya bando na muda, wakakuta wamefanya kazi bure. Ile haikuwaibia kwenye waleti, lakini imani ilianza kuvunjika pale. Sasa hawa wa leo wanatumia hamu ileile kuingiza mkono mfukoni mwako. Mwanzoni nilifikiria kuipa nyota tatu kwa wepesi wake. Naziondoa zote. Wepesi wa nini, kama unamrahisishia mwizi?

Na msitegemee pa kulalamika. Benki Kuu ilishatoa tahadhari kuhusu sarafu hizi tangu Novemba 2019.

Kabla sijaendelea, Jumamosi saa mbili usiku niko mubashara, leteni waleti zenu tuzikague pamoja. Sitozi hata senti. Anayewatoza elfu ishirini "kurudisha pesa zilizoibiwa" mfungieni, hawezi kuzirudisha.

Sasa hii ni simu ya mdogo wangu, amekaa hapa pembeni. Nimefungua BscScan, tovuti ya kutazama miamala ya mnyororo wa BNB, kwenye ukurasa wa kukagua ruhusa za tokeni. Nabandika anwani yake ya waleti. Hiyo hapo, USDT, bila kikomo, bado iko hai mpaka dakika hii! Naunganisha waleti, nabonyeza kitufe cha kubatilisha kilicho mwisho wa mstari. Waleti inauliza tena, tunasoma tena: kiasi sifuri. Hapo sawa, thibitisha. Nauli yake ni BNB kidogo sana. Tusubiri… nasasisha ukurasa… mstari umeondoka. Shika simu yako, mdogo wangu.