Simu ipi ununue, na ipi imewekwa kukuchanganya

Umejipanga na laki tatu na nusu. Unaingia duka la simu Kariakoo, muuzaji anakutandikia tatu juu ya kioo. Tuseme ni hizi: A ina RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 4 na nafasi ya kuhifadhia ya GB 128, shilingi 340,000. B ina RAM 6, nafasi ile ile 128, shilingi 520,000. C ina RAM 8 na nafasi 256, shilingi 540,000. Hujakaa sawa unasikia: "Kaka, ongeza elfu ishirini tu uchukue hii kubwa." Elfu ishirini hiyo inahesabiwa kuanzia bei ya B, si kuanzia mfukoni mwako. Kutoka A ni laki mbili nzima.

B haikuwekwa iuzwe, ni chambo. Mwaka 1982 watafiti Joel Huber, John Payne na Christopher Puto walionyesha kwamba ukiongeza kitu kilichozidiwa waziwazi na kimojawapo, kile kilichokizidi hupata wateja zaidi, hata kama chambo chenyewe hakimvutii mtu. Ubongo hupima thamani kwa kutazama jirani. Hata nyuki, katika majaribio ya maua bandia yaliyochapishwa 2002, waliyumbishwa vivyo hivyo.

Mpangilio wangu:

1. A. Kwa WhatsApp, miamala, picha za familia na TikTok inatosha. Cha muhimu hapa ni 128. Simu ya 64 hujaa mapema kwa sababu mfumo wenyewe unakula sehemu yake. Magemu mazito yatasuasua, hilo likubali.

2. C, ikiwa 540,000 ilikuwa kwenye bajeti kabla hujavuka mlango na unarekodi video za kazi.

3. B. Kwa bei hiyo, hapana. Ikishuka hadi laki nne naipandisha namba moja bila kusita.

Kuna vyambo vidogo kwenye boksi pia. "RAM 8" yenye maandishi madogo 4+4 ni nne halisi, nne nyingine zimeazimwa kwenye nafasi ya kuhifadhia. Kamera ya tatu ya megapikseli 2 nayo, kwangu, ni pambo.

Utafiti wa Shane Frederick na wenzake, 2014, ulikuta chambo kikipoteza nguvu watu wanapoona au kuonja bidhaa yenyewe badala ya kusoma namba. Kwa hiyo omba simu moja moja, nyingine zirudi kabatini. Piga picha humo humo dukani penye mwanga hafifu, paza spika, fungua programu tano mfululizo uone inavyokwama. Ukiridhika, bonyeza *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, itume kwa SMS kwenda 15090, namba ya mamlaka ya mawasiliano TCRA, uhakikishe ni halali, kisha risiti iandikwe IMEI hiyo hiyo.