TAHADHARI: Matairi ya theluji yanauzwa Dar es Salaam kwa jina la "matairi laini ya Japani"

Ninaandika tahadhari hii kwa yeyote anayekusudia kununua matairi ya mtumba kutoka Japani, hasa yale ambayo muuzaji huyasifia kuwa ni laini, hayana kelele na meno yake bado ni marefu. Mwezi uliopita nilinunua manne ya sifa hizo katika duka moja jijini Dar es Salaam kwa shilingi 320,000, saizi 195/65R15, na baada ya safari moja tu ya kwenda Morogoro na kurudi nikagundua kwamba nilikuwa nimeuziwa matairi ya theluji.

Dalili zilianza kabla sijafika Chalinze. Kila nilipofikisha kilomita 80 kwa saa gari lilikuwa kama linaelea, usukani ulichelewa kuitika, na kwenye kona matairi yalilia ingawa mwendo haukuwa mkubwa. Nilidhani ni upepo wa matairi. Nikapima, ukawa sawa. Wakati wa kurudi, basi lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla karibu na Mlandizi, nami nikakanyaga breki kwenye lami kavu kabisa, lakini gari likaenda mbele zaidi ya nilivyozoea na kusimama likiwa limebakiza nafasi isiyozidi hatua mbili.

Nilipofika nyumbani niliyasugua matairi yale kwa brashi na sabuni. Rangi nyeusi nzito, ambayo dukani niliichukulia kuwa dawa ya kung'arishia, ilibanduka ubavuni, na chini yake likasomeka neno STUDLESS.

Maana ya neno hilo ni tairi lisilo na misumari. Zamani madereva wa maeneo ya theluji nchini Japani walitumia matairi yenye misumari, ambayo ilikwangua lami na kutimua vumbi lililowaudhi wakazi wa mijini, hata mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Ili tairi lishike barafu bila misumari, mpira wake hutengenezwa kwa namna ya kubaki laini katika baridi kali, na meno yake huchanjwa chale nyembamba nyingi. Ni tairi zuri sana kwa mtu wa Sapporo, jiji la theluji nyingi kaskazini mwa Japani. Kwa kawaida hushauriwa litumike joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, wakati hapa kwetu hewa hufika nyuzi 30 na lami ya mchana huwa na joto zaidi ya hapo, hivyo mpira hulegea, meno hupinda na kuyumba dereva anapokata kona au kushika breki, na tairi lenyewe huisha upesi. (Msomaji wa Makete anaweza kuniambia kwamba kwao umande huganda mwezi wa Juni, ni kweli, lakini jua likishatoka lami hupata joto.)

Kinachotuponza zaidi ni urefu wa meno. Tairi jipya la theluji huwa na meno ya milimita 9 au 10 hivi, ilhali tairi la kawaida huwa na 8 hivi, na yale ya theluji huwekewa vinundu ndani ya mifereji ili kuonyesha kwamba meno yamefika nusu. Likifika hapo Mjapani huliona halifai tena kwa barafu, naye hulivua likiwa bado na takriban milimita 5. Kwa hiyo muuzaji anapokwambia "tazama meno haya", hasemi uongo. Anachoficha ni sababu ya Mjapani kulivua.

Kabla ya kulipa, omba tairi lioshwe pande zote mbili, kisha utafute neno STUDLESS au SNOW, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tazama pia herufi inayofuata namba ya kiwango cha uzito ambao tairi huweza kubeba: langu liliandikwa 91Q, na Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, herufi inayoonekana sana kwenye matairi ya theluji ya Japani. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, kwa kuwa hupatikana pia kwenye matairi mengi ya magari ya porini yanayofaa kabisa huku kwetu. Anayeagiza gari zima kutoka Japani naye akague, kwa sababu baadhi hushuka bandarini yakiwa bado na matairi hayo.

Niliporudi dukani, muuzaji alikiri kwamba alijua ni ya theluji, akadai kuwa "wateja wote wanayapenda", akakataa kunirudishia fedha, kisha akajitolea kuyanunua kwa nusu ya bei. Nilikataa, kwa sababu yangepakwa rangi upya na kufungwa kwenye gari la mtu mwingine. Nimeyakata mbavu kwa msumeno, na sasa yako uani kwangu.