Spea za Injini za Yamaha DT na AG100: Kipi Kinunuliwe Kikiwa Kipya na Kipi Kitafutwe Kikiwa cha Zamani

Kabla pikipiki za mipigo minne kutoka India na China hazijaenea Afrika Mashariki, bwana shamba, mganga wa zahanati na padri wa parokia ya mbali walizoea kupanda Yamaha DT125, DT175 au AG100, zote za mipigo miwili. Nyingi bado zipo, fremu zake zikiwa nzima, zimeegemezwa ukutani kwa sababu injini imenoki na duka linaloishi kwa wateja wa bodaboda halina sababu ya kuweka pistoni ya DT. Mwongozo huu unapanga kwa daraja njia za kuzipata spea hizo. Wanunuzi wengi hupoteza fedha kwa kutojua kwamba spea za chuma hazipangwi kama spea za mpira. Pistoni iliyokaa kwenye boksi miaka 30 ni mali, lakini sili iliyokaa miaka hiyohiyo haifai kitu.

Naanza na sili za kranki, yaani pete za mpira zinazoziba pande zake mbili, kwa kuwa ndizo zinazoua injini nyingi kuliko kitu kingine chochote. Injini ya mipigo miwili haina vali kichwani. Chemba ya kranki yenyewe ndiyo pampu inayovuta mchanganyiko wa petroli na hewa kutoka kwenye kabureta na kuusukuma juu ya pistoni. Sili ya upande wa magneto ikikauka, hewa huingia bila kupitia kabureta, mchanganyiko huwa na petroli pungufu, joto hupanda na pistoni hushika silinda. Dalili yake ni mlio unaobaki juu hata baada ya kuachia mafuta, kana kwamba kebo imekwama. Sili ya upande wa klachi ikiharibika, injini hunyonya oili ya gia: moshi mzito mweupe hutoka na oili ya gia hupungua bila kuonekana tone chini.

Mimi nilijifunza hayo kwa gharama. Nilinunua katika duka moja sili mbili halisi, zikiwa bado ndani ya pakiti yake ya zamani, nikafurahi kama aliyeokota dhahabu. Nilipoukunja mdomo wa mojawapo kwa kidole gumba, haukurudi mahali pake upesi, na kwenye mkunjo kulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Nilijiambia kwamba oili itailainisha, nikaifunga. Haikupita miezi miwili pistoni mpya ikawa na mikwaruzo upande wa eksosi, na silinda ikarudi kuchongwa.

Kwa hiyo, kwa sili, nafasi ya kwanza ni zile zinazotengenezwa sasa na kiwanda kinachoaminika kama NOK cha Japani. Nafasi ya pili ni duka la beringi, ambako utauliza kwa namba tatu zilizoandikwa kwenye sili ya zamani, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, ukihakikisha kwamba mpira wake unavumilia petroli. Sili za zamani, hata zikiwa halisi, zisipewe nafasi yoyote, na kila injini inapofunguliwa zote mbili zibadilishwe.

Kwa pistoni na ringi mambo hugeuka. Nafasi ya kwanza naipa pistoni halisi ya Yamaha, iwe ya sasa au ya akiba ya zamani, kwa sababu aluminiamu haizeeki kwenye boksi. Itafute kwa namba. Kundi la kwanza la herufi na tarakimu hutaja modeli, na kundi la kati hutaja aina ya spea: 11631 ni pistoni ya standadi, 11635 ni iliyoongezwa milimita 0.25, na 11636 ni iliyoongezwa 0.50. Nafasi ya pili ni pistoni ya mtengenezaji mwingine mwenye sifa, kama ART ya Japani. Wiseco ya Marekani hutengeneza pistoni za kufuliwa (zilizogandamizwa kwa presi badala ya kumiminwa), ambazo ni imara sana, lakini hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo zinahitaji nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Fundi asiyeambiwa hivyo ataichonga silinda kwa kipimo cha pistoni ya kawaida, na itashika.

Nafasi ya tatu itawashangaza baadhi ya wasomaji: silinda halisi iliyotumika, ikiwa bado ina nyama ya kuchongwa. Naiweka juu ya seti mpya ya bei ya chini inayouzwa ikiwa na silinda na pistoni pamoja. Silinda ya Yamaha ina chuma kizuri na matundu yake ya kupitishia mchanganyiko na moshi yamekaa mahali sahihi, na kwa kawaida inaweza kuongezwa hadi milimita 1.00. Kwa seti nyingi za bei ya chini nilizozishika, kingo za matundu zilikuwa kali kama mdomo wa kopo lililokatwa. Nafasi ya mwisho ni pistoni iliyotumika ikivishwa ringi mpya, nami siishauri isipokuwa imepimwa.

Gerezani Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road mjini Nairobi na Kisekka mjini Kampala ni mahali pa kutafuta silinda halisi zilizotumika, lakini nenda na mikromita pamoja na spea yako ya zamani. Usiamini maandishi ya boksi. Pima sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini, takriban milimita 10 kutoka ukingo wa chini, kwa mkao unaokatiza pini. DT125 ya standadi ina silinda ya milimita 56 na DT175 ina 66; pistoni iliyogongwa 50 juu yake ni ya silinda iliyoongezwa nusu milimita. Nunua pistoni kwanza, kisha umpelekee mchongaji pistoni hiyohiyo mkononi, kamwe usimpe namba tu. Ukipokea silinda, pitisha kidole kwenye kingo za matundu: kama zinakwaruza, mrudishie azilainishe, kwani ringi itanasa hapo na kuvunjika. Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni uelekee eksosi, na mwanya wa kila ringi ukae kwenye kipini chake kidogo.

Kwa kranki, shika kondrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni, na uivute juu na chini pistoni ikiwa imetolewa. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Kucheza kwa wima ni kifo. Seti ya kondrodi yenye beringi na pini ni bora kuliko kranki nzima ya kubahatisha, ila ifungwe na fundi mwenye presi na geji ya kunyooshea. Plagi, platina na jeti za kabureta zinapatikana kwa urahisi, na hazihitaji maelezo marefu.

Oili inahitaji. Mwaka 1964 Yamaha ilianzisha Autolube, pampu inayopeleka oili kwenye injini kutoka tangi lake lenyewe, na ukinunua pikipiki ya aina hii hakikisha pampu inafanya kazi kabla ya kuitegemea. Hadi hapo, changanya oili kwenye petroli. Nafasi ya kwanza ni oili ya mipigo miwili yenye alama ya JASO FC au FD, viwango vya Kijapani. Pwani, wengi hutumia oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3 kwa sababu iko kila duka la wavuvi. Oili hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari, na silinda ya DT inayopozwa na upepo tu huwa na moto mkali zaidi. Itumie ukiwa njiani na huna nyingine, na uhesabu kwamba umeazima.

Baada ya kufunga, washa injini dakika chache, iache ipoe kabisa, kisha iwashe tena, mara tatu au nne kabla ya kwenda barabarani. Kaza nati za kichwa injini ikiwa baridi. Katika kilomita 500 za kwanza usifungulie mafuta hadi mwisho, na kwenye mteremko mrefu fungulia kidogo mara kwa mara, kwa sababu mafuta yakifungwa kabisa, pistoni inaendelea kwenda mbio bila kupata oili ya kutosha.