Kwa Mwalimu, Manyatta: ukumbi wa mpira kwa wanaojali nani anashuka

Ukumbi wenyewe wa kuonyesha mpira hauna bango. Ukitoka Kondele, hapa Kisumu, ukaingia Manyatta, uliza kwa Mwalimu wa mpira ni wapi, na mtoto yeyote atakupeleka. Kuna kichochoro kati ya ploti mbili, kamba za nguo juu, mapipa ya maji upande wa kushoto, halafu mlango wa mabati. Ukifika Jumamosi ambayo kina mama wamefua, utainama chini ya shuka zinazochuruzika maji. Wengine hulalamika. Mimi hapana, kwa sababu timu yangu ni Luton ya Uingereza. Kule Kenilworth Road, uwanja wao, mashabiki wageni huingilia lango lililopenyezwa katikati ya nyumba za watu, wakipanda ngazi wanaona nyua za majirani hapo chini. Nililiona lango hilo kwenye runinga mwaka 2023 Luton walipopanda Ligi Kuu, nikajua nimepata timu.

Nauza spea za boda boda Kibuye. Jumamosi mchana namwachia kijana duka, naenda kwa Mwalimu. Msimu wa 2024/25 nilinunua kadi yake ya bob 800, Agosti hadi Mei: kipande cha manila kilichopigwa muhuri na kuandikwa jina langu kwa kalamu nyekundu, "Mama Spea". Asiye na kadi hulipa bob 30, na mechi za mchujo bob 50. Kumbi zingine za hapa Kisumu nazijua. Ni Arsenal, Man U, Chelsea, Liverpool, basi. Ukiuliza Championship, ligi ya pili ya Uingereza, unatazamwa kama mtu aliyeitisha sukuma wiki kwenye harusi.

Tofauti yote iko kwenye ubao. Mwalimu alifundisha hesabu kabla ya kustaafu, na ukutani ametundika ubao mweusi wa darasani kabisa, na juu yake jedwali za ligi tatu zilizo chini ya Ligi Kuu, kwa mpangilio: Championship, League One, League Two. Kila ligi ina timu 24 na kila timu hucheza mechi 46. Kwenye Championship anapiga mstari wa kijani chini ya timu ya pili, kwa maana hao wawili wanapanda moja kwa moja. Mstari wa manjano msimu huo ulipita chini ya timu ya sita, kwa sababu wa tatu hadi wa sita waliingia mchujo kugombea nafasi moja iliyobaki. Mwekundu uko juu ya timu tatu za mwisho. League One wanashuka wanne, League Two wawili, na hao wawili wakishuka wametoka kabisa kwenye mfumo wa ligi hizi, wanaenda kuanza upya. Mechi zikiisha Jumamosi anachukua kitambaa kibichi kilichoning'inia kwenye msumari, anafuta, anaandika upya, polepole, hati ya kusomeka hadi benchi la nyuma. Kando ya Sheffield United aliweka -2 kwa chaki nyekundu tangu Agosti, pointi walizokatwa kwa kuchelewesha malipo ya wachezaji kwa klabu zingine. Mgeni akiuliza hiyo -2 ni nini, anaelezwa hadi anajuta.

Sasa, wenye kumbi wengi huchagua mechi kwa jina la timu. Mwalimu huchagua kwa ubao. Anaangalia mistari yake, anatafuta mechi ambayo matokeo yake yatamvusha mtu mstari, na hiyo ndiyo inapanda kwenye skrini kubwa. Mimi hicho ndicho ninacholipia.

Chukua tarehe 3 Mei 2025, siku ya mwisho ya Championship. Kule Ligi Kuu mambo yalikuwa yamekwisha. Liverpool walikuwa mabingwa, na watatu wa kushuka, Leicester, Ipswich na Southampton, walikuwa wanajulikana. Mchana huo vijana wa mkeka kwenye benchi la nyuma walitaka Aston Villa na Fulham, wana pesa huko. Mwalimu hakugeuka hata. "Villa akipigwa leo, nani anashuka?" Kimya. Akaweka Luton ugenini kwa West Brom. Leeds aliwaweka kwenye runinga ndogo ya pembeni, kwa sababu wao na Burnley walikuwa wameshapanda na kilichobaki kwao kilikuwa taji tu. (Leeds walilichukua kwa tofauti ya mabao, wote wawili na pointi 100. Burnley walifungwa mabao 16 katika mechi 46 na bado hawakuwa mabingwa. Kuna mzee hapo ndani mpaka leo hajalikubali hilo.)

Luton walianza siku hiyo wakiwa juu ya mstari mwekundu. Walifungwa 5-3. Hull walipata droo ya 1-1 Portsmouth, wakafikisha pointi 49 sawasawa na sisi, na tofauti ya mabao ikawaokoa wao ikatuzika sisi. Mwalimu hakungoja watu watoke. Alichukua kitambaa, akafuta Luton, akawaandika upya chini ya mstari, na pembeni akaweka mabao ya timu zote mbili ili asije mtu akaanza ubishi. Mwaka mmoja kabla tulikuwa tumeshuka kutoka Ligi Kuu. Yaani misimu miwili, ngazi mbili. Nikaagiza chai nyingine. Wala si mara ya kwanza klabu hii kuteremka hivyo: kati ya 2007 na 2009 walishuka mara tatu mfululizo, mara ya mwisho wakiwa wamekatwa pointi 30, wakatoka kwenye ligi kabisa, na ikawachukua hadi 2014 kurudi. Mtu anayeshabikia Luton anahitaji chai nyingi.

Chai, kwa njia, ni nzuri. Ya maziwa, tangawizi ya kutosha, bob 20, na mandazi ya moto mpaka mapumziko. Baada ya mapumziko usinunue mandazi.

Mchujo ndio ulioonyesha ukumbi huu kwa ubora wake na kwa ubaya wake. Marudiano ya nusu fainali, Sunderland na Coventry, yalianza saa nne usiku kwa saa zetu, yakaingia dakika za ziada. Mwalimu ana makubaliano na majirani kwamba ikifika saa sita sauti inazimwa, kwa hiyo nusu saa ya mwisho tuliitazama bubu. Dakika ya 122 Dan Ballard wa Sunderland akapiga kichwa, wavuni. Spika ilikuwa kimya lakini sisi hatukuwa, na nadhani majirani walikuwa radhi kuisikia spika kuliko sisi. Ubaya ni wa baada ya hapo. Kichochoro hakina taa hata moja. Mimi ni mwanamke, saa saba kasoro usiku, nainama chini ya kamba za nguo gizani nikitafuta boda. Nimemwambia Mwalimu habari ya taa tangu Januari. Anasema stima ya kichochoroni ni jukumu la mwenye ploti. Mwenye ploti anasema wanaopita usiku ni wateja wa Mwalimu. Nimewauzia wote wawili balbu za pikipiki, najua wana pesa.

Fainali yenyewe, tarehe 24 Mei, ilijaza ukumbi hadi mlangoni. Sheffield United waliongoza, Eliezer Mayenda akasawazisha, na dakika ya 95 Tom Watson akaipandisha Sunderland Ligi Kuu. Sheffield walikuwa wamemaliza msimu na pointi 90 hata baada ya zile mbili kukatwa. Sunderland 76. Jamaa mmoja shabiki wa Sheffield alidai arudishiwe bob 50 yake kwa kuwa ubao wenyewe unaonyesha nani bora. Mwalimu alisimama mbele ya ubao wake muda mrefu, chaki mkononi, bila jibu. Mimi niko upande wa mchujo. Bila ule mstari wa manjano, timu ya kumi na mbili mwezi wa Machi ingekuwa inacheza kwa sababu tu tiketi zimeshauzwa.

Usije hapa kwa ajili ya League Two, isipokuwa una subira. Hizo hazipatikani kwenye king'amuzi chake, anazitoa kwenye kompyuta kwa intaneti, na intaneti hiyo hukwama panapo utamu. Bradford City walihitaji kuwafunga Fleetwood siku ya mwisho ili wapande moja kwa moja. Dakika ya 96, bado sufuri kwa sufuri, picha ikaganda mchezaji akiwa ameinua mguu. Bao la Antoni Sarcevic tulilipata kwenye simu ya muuza mandazi. Kelele zilipigwa, lakini kwa mtu aliyekaa dakika tisini na sita kwenye benchi la mbao hiyo haitoshi. Projekta nayo imekaa upande: kona ya kushoto ya uwanja huangukia juu ya jedwali la League One, kwa hiyo msimu huo kila kona ya upande huo ilipigwa kutoka katikati ya jina la Birmingham. Walimaliza hapo juu kabisa, na pointi 111.

Watu wengi walikuwa wakiitazama Bradford kwa sababu ya mchezaji wao Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya hapo jirani. Karibu na mlango kuna picha yake iliyokatwa gazetini, akiwa na jezi ya Barnsley. Julai 2020, siku ya mwisho, alifunga dakika za nyongeza ugenini dhidi ya Brentford, Barnsley wakashinda 2-1 na kubaki Championship. Agosti 2025 alikwenda Grimsby kwa mkopo, na ndani ya siku chache Grimsby hao wa League Two wakawatoa Man U kwenye Kombe la Carabao kwa penalti 12-11. Man U wana watu Manyatta, hilo si siri, na usiku huo wengi waliingia kwa Mwalimu kwa mara ya kwanza, wakatoka bila kuaga. Baadaye Grimsby walipigwa faini ya pauni 20,000 kwa kumchezesha Oduor kabla hajastahili: karatasi zake zilichelewa dakika moja. Mwalimu ameiandika faini hiyo pia ubaoni, pembeni chini.

Kadi ya msimu wa 2025/26 ilikuwa bob 1,000. Nililipa, ingawa Luton walikuwa wameshuka League One, jedwali lile lile linalopigiwa kona. Kaa benchi la pili kulia, viti vya plastiki vya mbele ni vya wazee na utainuliwa. Choo ni cha shimo, kisafi, nenda na tochi. Lipa kwa M-Pesa kwa sababu chenji hana kamwe.