Webots na kibodi: kubonyeza unapewa, kuachia jitafutie

Nimeitumia Webots kwa muda kuendesha roboti za kwenye skrini. Ukitaka kuendesha kwa vitufe, jambo la kulijua mapema kuliko vihisi na fizikia ni hili: kidole kikiondoka kwenye kitufe, hakuna atakayekuambia.

Kwa asiyeifahamu, Webots ni programu ya kuiga roboti iliyoanzia chuo cha EPFL, Uswisi, mwaka 1996. Tangu mwisho wa 2018 ni ya bure na msimbo wake uko wazi, chini ya leseni ya Apache 2.0. Kila roboti huendeshwa na kidhibiti, yaani programu ndogo unayoiandika mwenyewe kwa C, C++, Java, Python au MATLAB. Mimi hutumia Python.

Kusoma kibodi ni rahisi. Unaiwasha kwa kuipa muda wa kusoma, halafu kila baada ya hatua ya uigaji, yaani kipande kifupi cha muda ambacho Webots husogeza dunia yake, unaita getKey. Inakurudishia namba ya kitufe kilichoshikwa: mshale wa kushoto ni 314, wa juu 315. Kama hakuna kitu, unapata -1. Vitufe vikiwa vimeshikwa kadhaa kwa pamoja, unaita tena na tena mpaka -1 itokee. Mwisho ni vitufe saba. Anayeita mara moja tu kwa kila hatua atashangaa kwa nini roboti yake haiwezi kwenda mbele huku ikikata kona.

Kwa hiyo unachopewa ni picha ya sasa hivi: hivi ndivyo vitufe vilivyo chini. Hakuna tukio la kubonyeza wala la kuachia. Kwa kuendesha tu hilo linatosha, tena mimi nalipenda, kwa sababu mshale usipoonekana kwenye picha unaweka kasi sifuri na roboti inasimama. Shida huja pale kitufe kinapotakiwa kufanya kazi mara moja tu, mfano kufunga na kufungua mkono wa roboti. Hatua ya kawaida ni milisekunde 32, kwa hiyo kidole cha mtu kikigusa kidogo tu, hatua kadhaa zinapita, na mkono unafunga, unafungua, unafunga tena.

Dawa ni kukumbuka picha iliyopita na kuilinganisha na hii:

sasa = set()
k = kibodi.getKey()
while k != -1:
    sasa.add(k & 65535)
    k = kibodi.getKey()
vimebonyezwa = sasa - awali
vimeachiwa = awali - sasa
awali = sasa

Kabla ya lupu kuu, awali huanza ikiwa seti tupu. Kilichomo sasa na hakikuwemo awali kimebonyezwa. Kilichokuwemo na sasa hakimo kimeachiwa. Ndiyo hivyo tu.

Ile 65535 haiko pale kwa mapambo. Webots huunganisha Shift, Control na Alt ndani ya namba ileile ya kitufe. W peke yake ni 87, lakini ukiongeza Shift inakuwa 87 na 65536 juu yake. Bila kuichuja kwa 65535, mtu aliyeshika W akagusa Shift ili aongeze kasi ataonekana ameachia W na kubonyeza kitufe kingine kabisa. Ukitaka kujua kama Shift imeshikwa, iangalie kando kabla ya kuchuja.

Ukishapata kuachia, kupima muda wa kushika ni kazi nyepesi: soma getTime, yaani saa ya Webots, wakati wa kubonyeza, isome tena wakati wa kuachia, kisha toa ya kwanza kwenye ya pili. Ila saa hiyo ni ya uigaji. Dunia yako ikiwa nzito na uigaji unakwenda nusu ya kasi halisi, sekunde moja ya kidole chako itahesabiwa nusu. Na uigaji ukisimamishwa, kidhibiti nacho kimesimama palepale kinasubiri hatua inayofuata.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kuingiza pynput, maktaba ya Python ya kusikiliza kibodi, ndani ya kidhibiti, maana yenyewe inaleta matukio ya kubonyeza na kuachia. Sishawishiki. Inasikiliza kompyuta nzima, hivyo roboti itatembea hata unapoandika barua pepe. Kwenye macOS inadai ruhusa maalumu. Na ukishikilia kitufe, mfumo unaweza kukurudishia kubonyeza kulekule mfululizo, kwa hiyo kulinganisha kunakungoja hukohuko. Kibodi ya Webots husikiliza pale tu dirisha la 3D linapokuwa limechaguliwa. Roboti ikikataa kutii, bofya hapo kwanza kabla hujaanza kufumua msimbo.

Kwa e-puck, roboti ndogo ya kufundishia, na roboti nyingine za magurudumu mawili, sioni sababu ya kutafuta kingine. Anayetaka kuongeza kasi kidogokidogo ndiye atakayebanwa, maana kitufe kinajua kushikwa au kutoshikwa basi. Huyo aunganishe jostiki, Webots inaisoma pia.